Mgeni wa Shimo la Shirumba

Hii ilianza na beseni. Najua wengine mngependa jini aje na upepo mkali na paka mweusi, lakini huyu hakuwa na mbwembwe. Alianzia kwenye beseni la buluu la kuogeshea mtoto, mchana kweupe, katika ploti ya mabati nyuma ya steji ya 56, Kawangware.

Nabwire alikuwa amemaliza kumwogesha mwanawe Ezra. Akamfunga taulo, akamlaza kitandani, akainua beseni ili akamwage maji nje. Ndipo alipoona tope limetua chini. Tope zito, la kijivu, lenye chembe zinazometameta. Akalishika kwa kidole. Lilikuwa baridi.

Ezra alikuwa na miezi mitatu. Hajui kutambaa, hajui kukaa, hata sakafu hajaigusa. Na udongo wa Kawangware nani asiyeujua? Ni mwekundu, ukiukanyaga siku ya mvua viatu vyako vinakutangaza hadi tao, mjini kati.

"Baba Ezra," alimwambia mumewe jioni, "hii maji ya mfereji ya kanjo imeanza kuleta matope."

Mumewe, Murunga, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale 56, mtu mpole, mwepesi wa kucheka. "Kanjo nayo! Ngoja tu, wiki ijayo italeta samaki."

Wakacheka. Kesho yake Nabwire akachota maji kwenye mtungi wa dukani, yale safi ya kunywa. Alipomtoa mtoto, tope likawa palepale, tena limeongezeka.

Wiki hiyohiyo Ezra akaanza kulia. Si kilio cha njaa wala cha tumbo, mama anavijua vilio vya mwanawe. Alilia akitazama juu ya bega la Nabwire, kama anayeomba kitu kwa mtu aliyesimama nyuma yake. Titi alilikataa. Akipewa maziwa kwa kijiko, anayatema. Kwenye kliniki walimpima, wakasema mtoto hana ugonjwa, wakampa dawa ya tumbo. Akaitapika, na matapishi yake yalikuwa ya kijivu.

Halafu zikaja sauti. Ilikuwa saa nane mchana, ploti nzima kimya, watu wakiwa kazini, mashuka yakikauka kwenye kamba. Nabwire alikuwa akimbembeleza mtoto aliposikia chini ya sakafu ya simiti: ngo, ngo, ngo. Chuma juu ya jiwe. Kinapiga, kinapumzika, kinapiga. Harufu ikapanda, ya jiwe bichi na mafuta ya taa na jasho la wanaume wengi waliofungiwa mahali padogo.

Wanja, jirani yake, aliyekuwa akiuza mitumba na siku hiyo hakwenda sokoni, alichungulia mlangoni. "Mama Ezra, landlodi anachimba choo ingine?"

"Na wewe unasikia?"

"Si ni hapa kwako?" Wanja alitazama sakafu, akamtazama mtoto, akashusha sauti. "Aki mimi sipendi. Hata mwezi uliopita hamkuwa na hii kitu."

Mwezi uliopita. Nabwire akahesabu siku, maana mwezi uliopita ndipo walipokwenda Shirumba.

Haya, nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu jini hawezi kueleweka usipojua kwao. Murunga alikuwa na mdogo wake, jina lake Wechuli. Kanisani alibatizwa Vincent, lakini kule kwao Kakamega aliyemwita Vincent alikuwa mwalimu peke yake. Huyu Wechuli alikwenda Shirumba kutafuta riziki. Shirumba ni mji mdogo, mbali na lami, uliojengwa na Wazungu enzi za ukoloni kwa ajili ya dhahabu. Dhahabu ikaisha, Wazungu wakafungasha, mji ukafa. Ila vijana bado huingia kwenye mashimo ya zamani kukwangua makombo. Mwaka jana udongo ulimfunika Wechuli huko chini, na mwili haukupatikana.

Nyumbani wazee walizika mgomba badala yake, ndivyo Waluhya wanavyofanya mwili ukikosekana. Lakini mgomba peke yake hautoshi. Roho lazima iendewe. Mtu wa damu yake huenda mpaka pale alipofia, huchuma tawi, huliburuta kwenye mdomo wa shimo, humwita marehemu aamke waende nyumbani. Kisha tawi hupelekwa kaburini bila kugeuka nyuma.

"Na umwite Wechuli," mama yake Murunga alionya. Huyo wote walimwita Kukhu, yaani nyanya. "Hilo la Vincent ni la kanisa. Gizani mtu anasikia lile jina alilopewa na babu zake."

Lakini Nabwire alikuwa ameokoka, na si kuokoka kwa mdomo. Pasta wao kule Riruta alikuwa amewafundisha kwamba majina ya nyumbani ni mkataba na misambwa, mizimu ya mababu, na ndiyo maana Ezra hakuwa na lolote ila Ezra.

"Utaita majina ya mizimu na mimi niko na mtoto mchanga mgongoni?" alimwambia mumewe. "Chagua, Baba Ezra. Uniahidi ama ubaki."

Murunga hakuwa mtu wa kushindana. Akaahidi.

Walipofika Shirumba walikuta pamepigwa msasa kwa ajili ya watalii. Mtembezaji wao aliitwa Shitanda, bwana wa makamo mwenye gambuti na mdomo usiojua likizo. Aliwaonyesha klabu ya Wazungu na ile sakafu ya mbao walikochezea dansi. Akawaonyesha bwawa lao la kuogelea, ambalo siku hizi nduma zimestawi humo kuliko mtoni. Kulikuwa na bomba la moshi linaloonekana toka kila kilima, na gurudumu kubwa la chuma lililokuwa likiwateremsha watu ardhini. Wanafunzi wa chuo walikuwa wakipigana picha mbele yake. Mahali penyewe panapendeza, tusidanganyane.

Kwenye shimo kuu Shitanda alivua kofia. "Hapa ndipo maji yaliwapata watu wa zamu ya mchana. Mzungu alikuwa haiti mtu jina. Majina yetu yalimshinda ulimi. Kila mtu alivaa kibati shingoni kina namba, hiyo ndiyo ilikuwa yeye. Walipokufa, makwao waliambiwa vijana wametoroka kazi. Basi hakuna aliyekuja kuwalilia. Hata mmoja."

"Hata kuwaita?" aliuliza Murunga.

"Utamwitaje mtu unayedhani yuko hai, ametoroka tu?"

Murunga alichuma tawi. Akaliburuta hadi kwenye mdomo wa shimo, akamtazama mkewe. Nabwire akatikisa kichwa. Jamani, kichwa kimoja kilivyotikisika! Murunga akageukia shimo.

"Ndugu yangu," akasema kuelekea gizani. "Amka. Twende nyumbani."

Basi. Jina hakutaja.

Papo hapo tawi likawa zito mkononi mwake, zito la kushikwa na mtu upande wa pili. Murunga akaangua kilio cha furaha. "Amekuja! Mama Ezra, amekuja!"

Shitanda, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefunga mdomo, aliufunga. Halafu akauliza polepole, "Umemwita nani, bwana?"

"Ndugu yangu."

"Ndugu yako nani? Mbona hujamtaja?"

Lakini anayebeba tawi hasimami kupiga soga, wala hageuki. Walilipeleka mpaka penye ule mgomba uliozikwa, wakasali, wakarudi Nairobi. Na mtoto alilala njia nzima, usingizi mzito, uso umekunjamana kama wa mzee.

Sasa turudi pale kwenye sakafu inayogongwa. Nabwire alimpigia Kukhu simu. Kukhu hakushangaa hata kidogo.

"Huyo mtoto analilia jina," alisema. "Mlimnyima jina la nyumbani, mkadhani Ezra itamtosha. Kuna mtu amemjia anataka aitwe. Weka simu karibu na sikio lake. Nitaita watu wetu wote. Nikifika kwa mwenyewe, atanyamaza na atanyonya."

Wakati huo Nabwire hakuwa tena na nguvu za kubishana kuhusu mkataba wala misambwa. Aliweka simu. Murunga, aliyekuwa amekimbia kutoka kazini, alipiga magoti kando yake.

"Wechuli!" Kukhu aliita, na sauti yake ikakatika kwa uchungu wa mama. "Wechuli, mwanangu, ni wewe?"

Ezra aligeuza uso, akalia zaidi.

"Mukhwana! Okwiri! Shiundu!" Aliita baba zake, babu zake, mashemeji waliokufa kabla ya uhuru. Aliita hadi sauti ikakauka. Mtoto hakunyamaza kwa hata mmoja. Chini ya sakafu chuma kiliendelea na kazi yake.

"Murunga," Kukhu akasema. "Wechuli hayuko hapo. Yuko bado kule gizani ananisubiri. Mwanangu, ulileta nani?"

Murunga alimtazama mkewe, na hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Nabwire kuliko matusi.

Pasta alikuja. Tusimseme vibaya, alikuja mbio na aliomba kwa moyo wote. "Taja jina lako, pepo mchafu! Nakuamuru, taja jina lako!" Kila alipotaja neno jina, kugonga kulisita, kama mtu aliyesimamisha nyundo asikilize vizuri. Halafu kukaanza tena, kwa haraka zaidi. Pasta alijifuta jasho, akavaa viatu alivyoviacha mlangoni, akavivua mara moja. Vilikuwa vimejaa tope la kijivu. Aliondoka pekupeku na hakuaga.

Wanja ndiye aliyewaambia juu ya Kavindu. "Ni Mkamba, anauza makaa Silanga, kule Kibera karibu na dam. Mchana ni makaa, lakini watu wanajua kazi yake ingine. Majini anaitoa kama kutoa mwiba. Mimi nimeona na macho yangu."

Walimkuta Kavindu amekaa kwenye gunia, mikono myeusi hadi viwiko, mama mnene mwenye sauti ya amri. Alimpokea mtoto, akamnusa utosi, akawaingiza ndani bila salamu. Akachoma ubani. Akatikisa kibuyu chake chenye mbegu.

"Karibu, mgeni," alisema kwa heshima, akimtazama mtoto. "Hatukufukuzi kabla ya kujuana. Wewe ni nani?"

Ezra akanyamaza. Tangu kilio kianze hakuwa amenyamaza hivyo. Mdomo wake mdogo usio na jino ulifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusema.

"Mia nne kumi na saba."

Nabwire alishika mdomo wake mwenyewe asipige yowe.

"Sijakuuliza namba," Kavindu alisema. Kibuyu kilikuwa kimeanza kutetemeka. "Mama yako alikuita nani?"

Walingoja. Nje mtu alikuwa akiuliza bei ya makaa. Macho ya mtoto yakajaa machozi makubwa, yakamwagika hadi masikioni.

"Nimesahau," ilisema sauti. "Ndugu yangu aliniita. Nimekuja. Sasa anipe jina."

Kavindu aliweka kibuyu chini. Kwa muda alijifuta mikono kwenye leso, akajifuta tena, masizi yakizidi kusambaa.

"Mimi hutoa kitu kwa jina lake," alisema akinong'ona. "Hata wewe ukitaka kumtoa mtu kwenye umati si unamwita? Huyu nitamwitaje? Hata yeye hajijui."

"Tumemwitia majina yote ya ukoo," Murunga alisema. "Hataki."

"Si hataki. Hayo yana wenyewe, na wako naye huko, wameyashikilia. Anataka jina ambalo wafu hawajalichukua." Alimtazama Murunga, kisha haraka akatazama pembeni. "Kwenu mtoto hupewa jina la mtu aliye hai?"

"Ni mwiko," Nabwire alijibu. "Ukimpa mtoto jina la aliye hai, mwenyewe umeshamhesabu na wafu."

"Basi mimi sijasema kitu," Kavindu alisema. Alimrudishia mtoto. "Huyu asiponyonya, kesho hamtakuwa naye. Mungu awasaidie. Mimi siwezi."

Walirudi Kawangware mvua ikiwa imefunga, stima zimepotea, na saa kumi ya jioni ilikuwa nyeusi kama usiku. Ezra hakulia tena. Alifungua tu mdomo, akaufunga, akaufungua, bila sauti, ngozi ya uso wake imekauka na kushikana na mifupa, na kugonga sasa hakukuwa chini peke yake bali kulikuwa ukutani, na nyuma ya kabati, na chini ya kitanda, ngo, ngo, ngo, si nyundo moja, bali nyingi, zamu nzima ya watu waliosikia kwamba mwenzao mmoja ameitwa ndugu na ameitika, na maji ya kijivu yakaanza kupenya kwenye ufa wa simiti na kuulowesha ukingo wa mkeka, na Nabwire akamkumbatia mwanawe na kumwambia kila alichoweza kumwambia, kwamba asiende, kwamba yeye ni mama yake, kwamba angojee kidogo tu.

"Nabwire!" alimpigia mtoto kelele sikioni. "Chukua Nabwire! Chukua langu!"

Mtoto hakutikisika. Jina la mwanamke halikuwa lake.

"Ni mimi," Nabwire alilia. "Mume wangu, ni mimi nilikukataza. Ungemwita Wechuli tungekuwa salama. Ni mimi!"

"Wacha hiyo. Mdomo ulikuwa wangu." Murunga aliinuka, akanawa mikono kwenye beseni lile la buluu, akaikausha kwenye shati. Alikuwa mtulivu kupita kiasi. "Niletee kijana."

"Hapana. Tungoje asubuhi. Tutarudi Shirumba, tutaita vizuri..."

"Muangalie, Mama Ezra. Muangalie vizuri. Ataona asubuhi?"

Nabwire alimtazama mwanawe. Halafu, na hili ndilo alilobeba maisha yake yote, alinyoosha mikono akampa.

Murunga aliinamia sikio la mtoto. "Wewe ni Murunga," alisema. "Umesikia? Murunga, wa Kakamega, wa Nabwire. Ni lako. Mimi nimeachilia."

Kugonga kukakatika. Kuta zikanyamaza, sakafu ikanyamaza, hata mvua juu ya mabati ikapungua. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akageuka, akatafuta titi la mama yake kwa pupa. Akanyonya. Akanyonya hadi maziwa yakamtiririka shingoni. Na Nabwire, Mungu anamjua, alifurahi. Alicheka na kulia pamoja, akimbusu mtoto miguu, na kwa muda mrefu hakukumbuka kumtazama mumewe aliyekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akitazama viganja vyake.

Alfajiri aliamshwa na baridi. Mlango ulikuwa wazi. Mumewe alikuwa amesimama kizingitini, nyundo na tindo mkononi, na nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi la kijivu.

"Baba Ezra, unaenda wapi na hii baridi?"

Akatoka.

Nabwire alimfunga mtoto mgongoni harakaharaka, akamfuata. Watu walikuwa wameanza kujaa barabarani, mama wa uji akiwasha jiko, makanga wakiita abiria. Mumewe alikuwa akipita katikati yao, na hakuna aliyempisha, na hakuna aliyemgonga. Hata fundi mwenzake aliyekuwa akifungua kibanda hakuinua kichwa.

"Baba Ezra!" aliita. Hakugeuka. Akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akapiga kelele iliyowageuza watu wa steji nzima: "Murunga!"

"Naam," mtoto akaitika mgongoni mwake.

Yule mwanamume aliendelea kutembea. Nabwire akashika nguzo ya kibanda. Wanja, aliyekuwa akitoka na furushi lake la mitumba kichwani, alimkimbilia.

"Mama Murunga! Uko sawa kweli? Kwa nini unaitana hivyo asubuhi?"

Nabwire alimtazama. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Wanja kitu.

"Yule," alisema, akinyoosha kidole. "Mzuie yule. Mwite!"

Wanja alikaza macho barabarani. Kwa mbali mtu mwenye nyundo alikuwa akikata kona ya kwenda Riruta.

"Nimuite nani? Mimi simjui yule. Anaitwa nani?"

Nabwire alifungua mdomo. Alikumbuka mikono yake. Alikumbuka kicheko chake, na jinsi alivyokuwa akilala na soksi. Alitafuta, akatafuta, mtoto akichezea sikio lake kwa vidole vyenye joto, hadi yule mtu akapotea nyuma ya lori la mchanga.

"Jina lake," alimwambia Wanja, "silijui."